Mwanza–Dar–Dubai: usilipe kabla ya kuona namba ya tiketi

Usilipe bado. Umeandika kwamba wakala amekupangia ndege ya saa nane mchana kutoka Mwanza, halafu ya Dubai inayoondoka Dar es Salaam saa kumi na mbili jioni, kwa tiketi mbili za mashirika mawili, kwa sababu nauli inapungua sana. Nauli hiyo ni nafuu hadi siku ndege ya kwanza itakapochelewa. Hapo hasara yote itakuwa yako, na hakuna hata shirika moja kati ya hayo mawili litakalokubali kwamba unalidai hata radhi, achilia mbali fedha.

Mimi niliuziwa mpango wa namna hiyohiyo. Wakala, ambaye hadi leo siwezi kumzungumzia bila hasira, alichapa safari zote mbili kwenye karatasi moja yenye nembo ya ofisi yake, na nilipomuuliza itakuwaje tukichelewa Mwanza, alinijibu bila kupepesa macho kwamba safari zimeunganishwa na nitasubiriwa. Hazikuwa zimeunganishwa. Siku ya safari tuliambiwa kwamba ndege yetu bado haijafika Mwanza, muda ukasogezwa mbele, ukasogezwa tena, na tulipotua Dar ilinibidi kwanza nisubiri begi, kwa kuwa tiketi ya ndani ilikuwa inaishia pale na mzigo nao ulikuwa unaishia pale. Ndege za ndani hutumia Jengo la Pili na za nje hutumia Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa mwaka 2019, kwa hiyo unatoka nje na mzigo wako, unatafuta gari, kisha unaanza upya foleni ya ukaguzi. Nilipofika kaunta, mkanda wa mizigo ulikuwa umezimwa na mhudumu alikuwa anakusanya karatasi zake. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa nzima kabla ya ndege kuruka, na kwenye kompyuta yao nilikwisha kuandikwa kuwa abiria asiyetokea.

Hapo ndipo hasara kubwa ilipo, na mawakala hawaisemi. Abiria asiyetokea kwenye kipande cha kwanza, yaani ndege ya kwanza iliyoandikwa kwenye tiketi, kwa kawaida hufutiwa vipande vyote vinavyofuata kwenye tiketi hiyo, pamoja na cha kurudi. Nililazimika kununua tiketi mpya ya kwenda na kurudi kwa bei ya siku ileile. Shirika la ndani lilinijibu kwamba limenifikisha Dar, na Dar ndiyo iliyoandikwa kwenye tiketi yake. Hata Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaohusu dhima ya mashirika katika safari za anga za kimataifa, huhesabu vipande vya mashirika tofauti kuwa safari moja pale tu wahusika walipoichukulia hivyo tangu mwanzo, na mashirika yale hayakuwa na habari kwamba nimeyaunganisha. Aliyejua ni wakala peke yake, na yeye alikwisha kupata chake kutoka kwenye tiketi zote mbili.

Kwa hiyo dai tiketi moja. Usitazame karatasi ya wakala, wala usitosheke na ule msimbo wa kuhifadhi nafasi, wenye jumla ya herufi na tarakimu sita. Tazama namba ya tiketi yenyewe, ambayo ina tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za shirika lililoitoa. Kwa safari ya kwenda na kurudi kama yako, yenye vipande vinne, namba hiyo inapaswa kuwa ileile kutoka Mwanza hadi Dubai na kurudi Mwanza. Ikiwa hivyo, ndege ya Mwanza ikichelewa ni kazi ya mashirika hayo kukutafutia nafasi kwenye ndege nyingine.

Ukikosa tiketi ya namna hiyo, ondoka Mwanza siku moja kabla, ulale Dar. Usikubali ushauri wa kupanda ndege ya asubuhi ya siku ileile, kwa sababu ikifutwa unaweza kurudishwa kwenye ileile ya mchana unayoikimbia. Mpigie wakala leo, umwombe akusomee namba ya tiketi kwa kila kipande, na akianza kuzunguka, nenda kwenye ofisi nyingine.