Redmi Note 7 imekuwa nzito, niweke romu ipi?

Ndugu yangu wa mtaa wa Kisasa, pole. Umesema Redmi Note 7 yako ya 2019 inakwama na masasisho hayaji tena, unataka romu, yaani mfumo endeshi mwingine wa kuweka badala ya ule wa kiwandani. Mimi ningeanza na LineageOS, romu ya bure inayotokana na Android, ni nyepesi na haina programu za kubandikwa kiwandani. GrapheneOS, romu nyingine, iache, hiyo imetengenezewa simu za Pixel za Google.

Ila kabla ya kupakua chochote, hakikisha aina ya simu. Redmi Note 7 jina lake la ndani ni lavender, Note 7 Pro ni violet. Usichanganye mafaili yao hata kidogo! Mwaka jana fundi mmoja hapa Dodoma mjini aliniwekea faili la simu inayofanana na yangu. Ikabaki kwenye nembo tu, inajizima na kujiwasha usiku kucha. Picha za marehemu mama zilikuwa humo.

Kwa hiyo hamisha kila kitu kwanza, maana ili kuweka romu lazima ufungue butiloda, ile programu inayoanzisha mfumo simu ikiwaka, na kuifungua kunafuta simu yote. Chaji ijae, na tumia laptopu yenye betri nzima, umeme ukikatika katikati ni balaa.

Kuhusu pesa, programu za benki zinaweza kugoma kwenye simu iliyofunguliwa butiloda. M-Pesa ya *150*00# haitasumbuka. Kama unaitegemea simu hiyo kwa biashara, usiiguse mpaka upate ya akiba. Na ikikataa kuwaka kabisa, acha kujaribujaribu. Tafuta fundi wa programu, umuulize kwanza kama amewahi kuflashi lavender, yaani kuiwekea romu.