Fundi Kaacha Kava la Mkanda wa Taimingi: Maswali Sita na Majibu Yake

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu kitu kimoja: kava linalofunika mkanda wa taimingi. Gari linaingia gereji likiwa nalo, linatoka bila. Nimechagua sita. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili.

Msomaji wa Sakina, Arusha: Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 yenye injini ya 5A. Mwezi uliopita nilibadilishiwa oili sili ya kamshafti, na fundi akanirudishia gari bila kava la juu. Nilipomuuliza akasema halina kazi, eti injini inapumua vizuri zaidi bila hilo. Ni kweli?

Marahaba. Si kweli hata kidogo. Injini inapumua kupitia chujio la hewa, haipumui kupitia mkanda. Mkanda huo ni mpira wenye nyuzi imara ndani yake, na kazi yake ni kuunganisha kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, shafti inayosukuma valvu, ili valvu hizo, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, zifunguke na kufunga kwa wakati. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, jino kwa jino. Sasa chukua kokoto ndogo ya barabara ya Ngaramtoni, iingie kati ya mkanda na gurudumu lake la meno. Haina pa kwenda. Itauinua mkanda uruke jino, gari likose nguvu na kutetemeka, au itauumiza ukatike siku nyingine ukiwa mbali na nyumbani. Feni belti ikichanika, kipande chake nacho kinaweza kuingia hapo hapo.

Una bahati ya aina ya injini. Kwenye 5A pistoni na valvu hazikutani, kwa hiyo mkanda ukikatika gari litazima, utavutwa, utafungiwa mkanda mpya na maisha yataendelea. Usikose usingizi. Ila rudi kwa fundi ukadai kava lako, maana ni mali yako na ulilinunua pamoja na gari.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika karatasi ndogo baada ya kubadilisha mkanda, mara nyingi juu ya kava lenyewe au karibu yake, wakaandika tarehe na kilomita. Kwa karatasi za kabla ya 2019, mwaka huwa wameuandika kwa hesabu yao ya Heisei, enzi ya mfalme wao wa wakati huo. Jumlisha 1988: ukiona 20, ni mwaka 2008. Kwa gari la mtumba ambalo hujui historia yake, karatasi hiyo ni ushahidi mzuri kuliko namba ya kwenye dashibodi, na kava likitupwa inakwenda nalo.

Dereva wa watalii, Arusha: Habari za kazi kaka. Naendesha Land Cruiser ya 1HZ, safari zangu ni Ngorongoro na Serengeti. Kava la mkanda limepasuka kwa chini, kipande kimeanguka. Bosi anasema tumalize msimu kwanza. Wewe unasemaje?

Nasema msimalize msimu. Mueleze bosi kwa heshima, lakini mueleze.

1HZ ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, na humo hakuna huruma ya 5A. Mkanda ukikatika, kamshafti inasimama, valvu zilizokuwa wazi zinabaki wazi, na pistoni zinapanda kuzigonga. Hapo hesabu si ya mkanda tena. Ni valvu kupinda na hedi, yaani kichwa cha injini, kushushwa, huku wageni wako wakikaa porini kusubiri gari jingine.

Fikiria na njia unayopita. Ukishaingia lango la Loduare, la Ngorongoro, lami imekwisha, na vumbi la kule linatokana na majivu ya volkano: ukilishika ni laini kama unga, ukilisaga kati ya vyuma ni msasa. Feni ya gari lako inavuta hewa kupitia rejeta na kuirusha mbele ya injini, yaani palipo na ule ufa. Kila kilomita unayokwenda nyuma ya gari la mwenzako unaulisha mkanda vumbi. Hautakatika siku hiyo. Vumbi linakula meno ya mkanda taratibu, linakula gurudumu, linaingia kwenye beringi ya tenshena, ile roli inayokaza mkanda. Beringi ikikauka grisi inaanza kulia, kisha inakwama, na mkanda mzima hauna uwezo juu ya roli iliyokwama. Nimeona mikanda iliyoonekana mipya kabisa ikifia hapo.

Masika mambo yanageuka lakini hayapungui. Matope yanarushwa, yanaingia, yanakauka kati ya meno.

Usiitegemee taa ya T-BELT, ile ya dashibodi inayokumbusha kubadilisha mkanda. Inahesabu kilomita tu. Haioni vumbi, haijui kama kava lina ufa, na wapo wanaoizima bila kugusa mkanda. Tafuta kava zima, hata la spea mtumba, na ukilipata angalia raba ya pembeni isiwe imekatika, kwa sababu kava bila raba yake linapitisha vumbi karibu sawa na lililopasuka. Siku ya kulifunga, mwambie fundi aukague mkanda pande zote mbili na aizungushe roli ya tenshena kwa mkono asikilize. Ikikwaruza, badilisheni vyote viwili. Na mkimaliza, asiye fundi asiielekezee injini ile mashine ya kuoshea kwa presha.

Mama wa Njiro: Fundi, kijana wa gereji anataka nimpe hela abadilishe mkanda wa taimingi wa IST yangu, eti na kava lake limechoka. Nimpe?

Usimpe, mama yangu. IST ina cheni, haina mkanda wa taimingi. Kava lake ni la chuma chepesi, linazuia oili, na likivuja hutibiwa kwa kuzibwa upya. Huenda kijana amechanganya na feni belti, ambayo ipo kweli na huchoka. Muombe akuonyeshe kwa kidole anachotaka kubadilisha kabla hujafungua pochi.

Msomaji wa Boma Ng'ombe: Noah yangu ya zamani, injini 3S, haina kava la juu. Jumamosi nina safari ya Dar. Naweza kwenda hivyo hivyo?

Gari litawaka na litakwenda, siwezi kukuambia vinginevyo. Lakini ni zaidi ya kilomita 500, na una siku kadhaa za kutafuta kava. Ukilikosa, hakikisha hakuna waya wala mpira unaoning'inia karibu na mkanda, kagua feni belti kuliko kawaida, na usifuate lori kwa karibu kwenye vumbi. Ukirudi, mkanda ukaguliwe.

Msomaji wa Majengo, Moshi: Subaru Forester yangu ina oili inayochuruzika chini ya kava la mkanda upande mmoja. Fundi ameamua kuacha kava wazi "ili tuone inatoka wapi". Ni wiki tatu sasa.

Kufungua ili kuona ni kazi ya dakika chache, si ya wiki tatu. Oili ndiyo sumu kubwa ya mpira: inaulainisha, inauvimbisha, meno yanaanza kuachana na mwili wa mkanda. Kwa hiyo huna tatizo moja, una mawili, oili kutoka ndani na vumbi kutoka nje, na oili ikishika vumbi inakuwa uji wa mchanga. Subaru hiyo ni katika injini ambazo valvu hupinda mkanda ukikatika. Mara nyingi anayevuja hapo ni sili ya kamshafti au ya kranki. Zibadilishwe, mkanda uliolowa utupwe hata kama ni wa juzi, na kwa kuwa kwenye injini yako mkanda huo huo ndio unaozungusha wota pampu, ikaguliwe nayo siku hiyo hiyo. Kisha makava yote yarudi.

Kijana anayejifunza ufundi, Pasua, Moshi: Shikamoo mzee. Bosi wetu akipoteza bolti za kava anafunga kwa waya au anabandika silikoni. Na kava la chini mara nyingi haturudishi kabisa. Nataka kujua kama ni sawa.

Marahaba mwanangu. Umeuliza kwa sababu umeshaona si sawa.

Kava la chini halirudi kwa sababu moja: ili kulifunga lazima puli ya kranki, gurudumu la nje linalozungusha feni belti, itoke, na wengi wakishafunga puli ndipo wanaliona kava limebaki sakafuni. Likumbuke kabla ya puli. Toyota nyingi za petroli zimechongwa namba za taimingi kwenye kava hilo, sifuri, tano, kumi. Ukilitupa, fundi atakayekuja kutega taimingi atakisia.

Waya unalegea, ncha yake inaingia kwenye mkanda. Silikoni ikimeguka, kipande kinadondoka humo humo. Bolti ndefu kuliko ya asili inaweza kuugusa mkanda kwa ndani. Weka mkebe wa bolti za spana namba 10 mezani kwako, zipange kwa urefu, hutahitaji waya.

La mwisho ni mwili wako. Injini ikiwa imewashwa tu bila kukanyagwa mafuta, mizunguko 800 kwa dakika, kranki inazunguka zaidi ya mara 13 kwa sekunde. Mwaka wangu wa pili wa kujifunza, mkono wa ovaroli yangu ulinaswa na mkanda usio na kava nikiwa nimeinama kusikiliza mlio. Nguo ilikuwa kuukuu, ikachanika. Ingekuwa mpya, kidole changu cha shahada kisingekuwepo. Akija mteja aliyevaa shuka au kanga, na watoto wamezunguka gari kutazama, zimeni injini kwanza, hata bosi akisema ni dakika moja tu.