Mteja Alishanijibu, Mfumo Haukujua

Juzi dada mmoja anayeuza vifaa vya saluni aliniandikia: "Kaka, nimeshaingiza wateja 200 kwenye CRM. Niwashe barua pepe zianze kwenda zenyewe?" (CRM ni programu ya kutunza kumbukumbu za wateja na mawasiliano nao.) Nilimwambia asubiri kwanza, kisha nikabaki nakumbuka yaliyonikuta.

Nauza mashuka na taulo kwa hoteli. Nilipolipia HubSpot, mojawapo ya programu hizo, nilijiona nimefika. Niliandika barua nne: ya kujitambulisha, ya pili baada ya siku tatu, ya tatu baada ya wiki, na ya kuaga. Zinaondoka kwa zamu, na mteja akijibu au akipanga miadi mfumo unamtoa kwenye foleni. Raha iliyoje!

Lakini mfumo hausikii simu. Na wateja wetu ni watu wa simu: wanasoma barua, wanachukua namba iliyo chini ya jina lako, wanapiga. Mama mmoja mwenye hoteli Paje alinipigia jioni, tukaongea karibu nusu saa. Alitaka mashuka ya vyumba 18, bei tukaafikiana. Nikaenda kulala na furaha yangu, sikugusa kompyuta. Kesho yake saa tatu asubuhi akapokea hii: "Habari , nimekuandikia mara tatu bila kupata jibu. Naona huhitaji huduma yetu." Pa jina palikuwa patupu, mkato umesimama peke yake, kwa kuwa nilimwingiza kwa anwani bila jina.

Akanipigia. "Mwanangu, jana nilizungumza na nani?" Nilimwomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Akasema yamekwisha. Mashuka akanunua kwingine. Nikipita Paje hadi leo moyo unaniuma.

Kwa hiyo nisikilize. Ukimaliza kuongea na mteja, papo hapo fungua jina lake umtoe kwenye foleni. Usiseme utafanya jioni. Jioni ndiyo iliyonigharimu. WhatsApp vilevile. Weka neno la akiba pale jina linapokosekana, "ndugu mteja" linatosha, kisha jitumie barua zote uzisome kwenye simu yako. Maneno ya "sijapata jibu lako" yafute kabisa. Mtu hana deni la kukujibu, na mtu mzima hasemeshwi hivyo. Mheshimu mteja hata pale ambapo mashine ndiyo inayosema kwa niaba yako.

Mwambie pia fundi wako wa tovuti akuwekee SPF na DKIM, mipangilio inayothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji, na wanaolalamikiwa sana barua zao huishia kwenye taka.

Dada yangu, kati ya hao 200 chagua 10 ambao sauti zao unazijua. Waanzishie hao, kaa nao wiki mbili ukiwaangalia mmoja mmoja, halafu niandikie.