Mume kupekua simu ya mkewe

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Kirumba, Mwanza. Mume wangu hufuata dagaa Ukerewe, siku nne tano hayupo. Juzi alirudi usiku, akanishika kidole nikiwa usingizini akafungulia simu yangu. Alisoma hadi meseji za mdogo wangu anayenieleza matatizo ya ndoa yake, asubuhi akayatoa mbele ya mama mkwe. Anasema mke hana siri kwa mumewe, faragha ni mambo ya Wazungu. Ni kweli?

JIBU: Waalaykum salaam. Pole sana mwanangu. Maneno hayo ya mumeo nayasikia hata kwenye baraza za misikiti, ndiyo maana sikutaka kukujibu pembeni.

Hana haki hiyo. "Wala msipelelezane," amesema Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, wala hakumtoa mume. Ati ya Wazungu! Katiba yetu ya 1977 inalinda faragha katika ibara ya 16, lakini sisi tulifundishwa kupiga hodi kabla hakujawa na katiba. Suratun Nur inamtaka hata mtoto asiyebaleghe aombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya Isha. Mtu alipochungulia tunduni nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), Mtume akiwa na kitana cha chuma mkononi, alimwambia angelijua anachungulia angelimchoma nacho jichoni, ruhusa imewekwa kwa ajili ya jicho.

Mumeo atasema alikuwa na shaka. Basi asome Hadithi ya Jabir katika Sahih Muslim: Mtume alimkataza msafiri kuwajia watu wake usiku kwa kuwatilia shaka ya hiana au kutafuta makosa yao. Huyo ni yeye hasa, ametoka kisiwani usiku! Akiwa na shaka, ana mdomo, akuulize mchana.

Kuhusu mdogo wako, kosa ni kubwa zaidi. Siri aliyokupa ni amana. Mumeo hakupewa, kaichukua, kisha kaimwaga. Kwamba wewe ni mkewe haimfanyi mdogo wako kuwa wake.

Lakini nawe usikimbilie kubadili namba ya siri kimyakimya, atazidi kushuku. Zungumza naye ametulia, si siku anayopiga hesabu za dagaa. Akikataa, mtafute mzee mmoja wa kwenu na mmoja wa kwao. Mama mkwe mwombe asiyafikishe mbele, na mdogo wako mwambie leo hii mwenyewe, kabla hajayasikia sokoni.