Kabla Hujaamua Kuwa Wakili wa Majeruhi Mombasa

Vijana wanaosomea sheria huniuliza kama kesi za majeruhi zinalipa. Nami huwauliza kama wako tayari kwenda nyumbani kwa mteja, wakae mkekani, waone anavyoogeshwa na anavyolishwa. Anayesita namshauri atafute tawi jingine la sheria, na simsemi vibaya. Ukiacha kesi ndogo za michubuko na maumivu ya shingo, kazi hii ni ya kujua mtu anaishi vipi baada ya mwili wake kubadilika, kisha kuyageuza maisha hayo kuwa ushahidi.

Njia ya kuingia ni ile ile ya wakili yeyote Kenya: shahada, mafunzo ya Kenya School of Law kule Karen, mitihani, miezi 6 ya uanagenzi, kisha kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Hakuna cheti cha ziada cha kesi za majeruhi. Mengine yote utajifunza kwa miguu yako.

Na Mombasa, kwa bahati mbaya, kazi ipo. Mizigo ya bandari ya Kilindini hutoka kwa malori yanayopita Changamwe, Jomvu, Miritini hadi Mazeras, kwenye barabara hiyo hiyo wanayogombania bodaboda, matatu, tuktuk na watoto wa shule. Kontena likimlalia mtu, hatuzungumzii mfupa uliovunjika ukaunga. Tunazungumzia uti wa mgongo, mguu uliokatwa, au jeraha la kichwa linalomfanya baba wa watu asiwatambue wanawe.

Nichukue mfano wa mteja mmoja, ambaye nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike. Alikuwa utingo wa lori. Tangu ajali hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Ripoti ya daktari niliyokabidhiwa ilikuwa ya kurasa mbili na ilimalizikia kwenye asilimia ya ulemavu. Ungeifuata ripoti ile peke yake ungeandika hati ya madai kwa saa moja. Nilikwenda kwao, mtaa wa Mikindani, penye mteremko na ngazi za mawe. Kiti cha magurudumu alichopewa na msamaria kilikuwa kimekunjwa ukutani, na nilipotoa futi nikapima mlango, nikaona sababu: kiti ni kipana kuliko mlango. Choo kiko nje, ng'ambo ya ua. Mamake alikuwa akiamka kila baada ya saa mbili usiku mzima kumgeuza, asipate vidonda vya kulala upande mmoja. Nepi za watu wazima, katheta (mrija wa kutolea mkojo), glavu, dawa ya kusafishia: yote hayo yalinunuliwa duka la dawa la pale chini, kidogo kidogo, bila risiti.

Niliandika kila kitu. Mama akanitazama, akaniuliza, "Wakili mwanangu, na haya ya chooni nayo huandikwa?"

Nikamwambia, "Haya ndiyo huandikwa, mama."

Na hivyo ndivyo sheria yetu ilivyo. Gharama za matibabu ya baadaye lazima zitajwe kwenye hati ya madai. Usipozitaja, hakimu hana njia ya kukupa, hata daktari azieleze vizuri namna gani akiwa kizimbani. Gharama zilizokwisha kutumika nazo zinahitaji kutajwa moja moja na kuthibitishwa kwa risiti. Kwa hiyo mrudie daktari na maswali ya maandishi: katheta hubadilishwa kila baada ya muda gani? Kiti hudumu miaka mingapi? Vyuma vilivyomo mguuni vitatolewa lini na kwa gharama gani? Anahitaji mtu wa kumhudumia mchana tu au mchana na usiku? Mama anayemhudumia mwanawe bure leo atazeeka, na siku hiyo kazi yake itahitaji kulipiwa mshahara. Familia nayo wape bahasha siku ya kwanza, waambie kila risiti iingie humo, na uzitoe nakala mapema, maana zile risiti za mashine hufifia kwa joto letu hili hadi zikabaki karatasi nyeupe.

Kipato pia. Dereva wa tuktuk hana hati ya mshahara. Wakili wa upande wa pili atasimama aseme hakuna ushahidi kwamba mtu huyu alikuwa akipata chochote. Mahakama ya Rufani ilikwisha sema mwaka 2005 kwamba hati si njia pekee ya kuthibitisha kipato, lakini usijilaze hapo. Tafuta taarifa za M-Pesa, daftari la chama, rekodi za sacco, mwenye tuktuk aliyekuwa akipokea hesabu ya jioni. Mlete aseme.

Halafu gari. Lori la kontena lina nambari mbili za usajili, ya kichwa na ya trela, ambayo huanza na herufi Z. Chukua zote mbili, kisha utafute rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwa sababu chini ya Sheria ya Trafiki mwenye jina kwenye usajili ndiye anayehesabiwa kuwa mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa lori ni la Uganda au Rwanda, ulizia Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ndiyo bima yake ya kuvuka mpaka. Malori haya huondoka mjini haraka, na utingo aliyeona ajali huondoka nayo. Ukingoja wiki mbili ndipo uende kituoni kuomba abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali, utaipata abstrakti, ila shahidi yuko Kigali.

Kuna jambo ambalo wateja hawalijui na mawakili wachanga hulisahau: bima ya lazima ya gari hulazimika kulipa hadi shilingi milioni 3 tu kwa mtu mmoja aliyejeruhiwa. Kwa mguu uliovunjika, hizo zinatosha na kubaki. Kwa mtu wa miaka 24 asiyeweza tena kutembea, hukumu inaweza kupita hapo mbali, na kilichozidi unakifuata kwa mdaiwa mwenyewe. Ndiyo maana natumia muda mwingi sana mwanzoni kujua nani hasa alikuwa na lori lile, nani aliyelikodi, nani aliyemwajiri dereva. Kushinda kesi dhidi ya mtu asiye na kitu ni kumpa mgonjwa karatasi. Na bima nayo lazima ipewe notisi kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Iandike kwenye kalenda siku ile ile unayofungua faili.

Tarehe nyingine nitazitaja upesi. Kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Dhidi ya serikali ni miezi 12. Aliyeumia kazini, awe godauni, bandarini au kiwandani, huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini chini ya sheria ya fidia ya wanaoumia kazini ya mwaka 2007, ndani ya miezi 12, na Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo mwezi wa Disemba 2019. Ukikimbilia mahakamani moja kwa moja kesi itatupwa, na wakati huo saa ya mteja wako inaendelea kwenda.

Sasa mabroka. Utawakuta nje ya wodi, pale hospitali kuu ya Makadara na kwingineko, wakiwa na fomu za kutiwa sahihi na simu ya wakili fulani. Watakufuata na wewe pia, hasa ukiwa mchanga na kodi ya ofisi imekukaba. Kataa. Sheria ya Mawakili inaharamisha kutafutiwa wateja namna hiyo, lakini hata isingeharamisha, fikiria mtu aliyeamka kutoka usingizi wa upasuaji akagundua alitia kidole gumba kwenye karatasi asiyoijua. Mtu huyo hatakwambia ukweli wa maisha yake hata umtembelee mara ngapi. Wateja wazuri niliowapata wameletwa na wauguzi waliostaafu, na maimamu, na wachungaji, na wateja wa zamani.

Kuhusu pesa niseme wazi. Kenya huwezi kukubaliana na mteja kwamba utalipwa kesi ikishinda tu. Mkataba wa aina hiyo ni batili. Ada hufuata Agizo la Malipo ya Mawakili. Lakini mteja mwenyewe hana kitu, kwa hiyo ada ya kufungua kesi, ripoti ya daktari na malipo ya daktari kuja kutoa ushahidi mara nyingi vitapita mfukoni mwako kwanza, na kesi nzito huchukua miaka. Miaka ya mwanzo fanya na kazi nyingine, mashamba na nyumba, mirathi, ili njaa isije ikakusukuma kukubali ofa mbovu. Wakili mwenye njaa na kampuni ya bima yenye subira wakikaa meza moja, anayeumia ni yule aliye kitandani.

Maana ofa italetwa. Huja wakati familia imechoka, karo haijalipwa, na ndugu wa mgonjwa wameanza kugawana vitu kichwani. Nimeshuhudia ami mtu akisema, "Tia sahihi tu baba, Mungu ataongeza," huku mke wa mgonjwa amekaa pembeni kimya. Siku kama hiyo mwombe kila mtu atoke. Zungumza na mteja peke yake, halafu mteja na mkewe. Piga hesabu mbele yao: ofa hii, ukitoa madeni ya hospitali, itanunua katheta na nepi kwa miaka mingapi? Wakiona inamalizika kabla mtoto wao hajafika gredi ya nane, watajua wenyewe la kufanya. Na waeleze kwamba wakitia sahihi ya kumaliza madai, hakuna kurudi. Wakiamua kuichukua baada ya hapo, ni haki yao, nawe utaitetea.

Hutazoea kumwona mtu wa umri wako akilia kwa sababu amejichafua mbele ya mgeni. Mimi sijazoea. Huwa nafunga daftari, nasubiri, naendelea akiniruhusu.

Kwa aliye kwenye mwaka wa mwisho na anatafuta mahali pa uanagenzi: kabla ya kukubali ofisi yoyote, uliza kama watakuruhusu kwenda hospitalini na majumbani, au utabaki kupeleka faili kwenye masjala miezi 6 yote. Omba kusoma faili moja ya kesi nzito iliyokwisha, tangu taarifa ya kwanza hadi hukumu, na uangalie ni kiasi gani hakimu alikataa kwa sababu hakikuandikwa. Jinunulie na futi.