Vidole vya mguu uliokatwa vinaniuma, niuze randa?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni seremala, Nkuhungu hapa Dodoma. Nilikatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda, mwezi wa tano sasa. Kidonda kimepona ila usiku vidole vinawaka moto na wakati havipo. Ndugu wanasema nimechezewa, kuna mtaalamu anataka laki sita. Niuze mashine ya randa?

JIBU: Marahaba kaka. Randa usiuze.

Hujachezewa na mtu. Mishipa ya fahamu iliyokatwa bado inatuma taarifa na ubongo bado unaujua mguu mzima, ndo maana unasikia vidole. Simamisha kioo katikati ya miguu, chezesha vidole vya mguu uliobaki huku unavitazama kwenye kioo, robo saa kila siku, wengi wanapata nafuu. Dawa za maumivu ya mishipa zipo hospitali, mwambie daktari akuandikie. Na kama unalalia mto chini ya goti, utoe leo leo, goti likikakamaa limejikunja mguu bandia utakusumbua sana.

Sasa kinachonichosha ni hii kauli kwamba mtu akipata ulemavu umaskini umeshaingia, utadhani unatokea kwenye kidonda. Ninavyoona mimi unaingia ile miezi ya kwanza, wakati mtu hajaingiza hata mia na kila ndugu ana mganga wake, kinauzwa kiwanja, zinauzwa mbuzi, afu hela yote inaishia kwa mtu ambaye hata bandeji hajui kuifunga. Kuna mama fundi nguo nilimfundisha kutembea na mguu bandia, siku ameweza kukanyaga vizuri akaniuliza, sasa nitakanyaga nini, maana cherehani ilishaliwa na mganga. Nilikosa la kumjibu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 kwenda juu awe na asilimia 3 wenye ulemavu, na kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inatenga kwa mikopo, 2 ni ya watu wenye ulemavu na haina riba, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ila mkopo unataka mtu mwenye shughuli, na shughuli yako ndo hiyo randa. Kwa sasa kaa kwenye stuli upige msasa, uchonge miguu ya viti, randa mpe kijana aisukume. Bandeji njoo nayo kliniki nikuonyeshe kuifunga, kigutu kisivimbe kabla hujapimwa mguu.