Keki ya matufaha inapobaki mbichi katikati

Dada yangu, umesema keki ya matufaha uliyoyachuma mwenyewe iliiva juu lakini katikati ikabaki tope. Pole sana, maana najua ulivyohangaika. Tufaha lina maji zaidi ya asilimia 80, na likipata joto maji hayo huishia kwenye unga.

Safari ijayo, kata vipande vya kama sentimita 1, nyunyizia vijiko 2 vya sukari, acha dakika 20, kisha chuja. Maji yake usimwage! Yachemshe mpaka yawe mazito, umwagie keki ikishaiva. Mimi sehemu hiyo naipenda kuliko zote. Vipande vipanguse, uvipakaze unga kidogo visizame chini.

Kwa unga vikombe 2, vipande vikombe 2 vinatosha. Mdalasini upendavyo.

Punguza moto pia: nyuzi 170 za Selsiasi, kwani moto mkali hukausha juu kabla ya ndani kuiva. Dakika 45 zikipita, chomeka kijiti katikati. Kikitoka na unga mbichi, funika keki kwa foili, uirudishe. Na chagua matufaha magumu. Laini hupondeka upesi.